Ngao Iko Kwa Jezi ya Ronaldo Pia Iko Kwa Mnara wa Malindi, na Maana Yake Ndio Ngori

Wewe msee uko na ile jezi ya Ureno, nambari 7 mgongoni, hata kama ni ile feki ya sokoni, hebu iangalie kifuani. Utaona ngao, na ndani yake ngao zingine ndogo tano za buluu zimepangwa kama msalaba: moja juu, moja chini, moja katikati, mbili kando. Kwa bendera yao ndio inaonekana fiti zaidi, kila kangao kako na doti tano nyeupe. Huko kwao timu ya taifa inaitwa kwa jina la hizo ngao ndogo.

Sasa ukiwa Malindi na hiyo jezi, panda tuktuk uambie dere akupeleke Vasco da Gama. Hatakuuliza Vasco gani. Atakushukisha karibu na rasi ile ya mwamba upande wa kusini wa ghuba, pale kwenye mnara mweupe umechongoka kama koni, msalaba juu, watu wanapiga selfi na mawimbi yanachapa mwamba chini. Ukiuangalia ule msalaba vizuri utaona kumechongwa ngao. Ni ileile ya jezi yako. Imekaa hapo pwani zaidi ya miaka 500 kabla Ronaldo azaliwe, sawa, tuseme 480 na kitu, tusibishane.

Nataka kukupigia stori ya hiyo ngao kwa sababu kuna siku ilinichoma vibaya sana.

Mimi niliacha koleji karo ilipogoma. Nikarudi Malindi, na kama kijana yeyote wa hapa asiye na kazi na anayejua Kiitaliano cha kuombea, nikaanza kutembeza watalii. Hakuna mtu alinifundisha. Unaskia wenzako wanasema nini, unaongezea chumvi, unaendelea. Stori yangu ya mnara ilikuwa hivi: Vasco da Gama alishuka hapa mwaka 1498, akasimama pale pale ulipo mnara, akaujenga kwa mikono yake, Sultani wa Malindi akamkumbatia, wakawa maboi. Watalii wanapenda hiyo. Unapiga picha, unapewa chochote, mnaachana.

Siku moja nikapata mama wa Kireno, wa umri, yuko peke yake. Nikampigia stori yote. Akasikiza tu. Nilipomaliza akanyoosha kidole kwa ile ngao akaniuliza kama najua zile doti tano ni nini. Sikujua. Lakini si unajua bichiboi hawezi kusema hajui? Nikamwambia ni mabara matano ambayo Wareno walizunguka. Yule mama alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akaniambia pole pole, kama anayeambia mtoto kwamba suruali yake iko wazi: kwao wanafundishwa shuleni kwamba ngao tano ni wafalme watano Waislamu ambao mfalme wao wa kwanza aliwapiga vitani.

Nikaangalia nyuma. Pale tulikuwa tumesimama, mji mzima nyuma yetu ni misikiti. Na mimi ndiye nilikuwa nauza hiyo picha kama alama ya urafiki.

Basi nikaanza kusoma. Acha nikupe vile nimeelewa.

Stori ya Wareno wenyewe inaanzia mwaka 1139, mahali panaitwa Ourique. Kuna jamaa anaitwa Afonso Henriques, alikuwa bado hajakuwa mfalme kamili. Siku ya tarehe 25 Julai akapigana na jeshi la Waislamu waliokuwa wanatawala sehemu ya kusini ya nchi hiyo. Akashinda, na watu wake wakamtangaza mfalme. Hadi hapo wanahistoria wengi hawana shida, ingawa hata mahali penyewe vita vilipiganwa bado wanabishania.

Halafu chumvi ikaingia. Eti usiku wa kuamkia vita, Yesu alimtokea Afonso akiwa msalabani akamwahidi ushindi. Eti waliopigwa walikuwa wafalme watano, ndio maana ngao ni tano. Mwingine anasema hapana, ngao tano ni majeraha matano ya Yesu. Na doti? Hizo nazo ni vile vipande 30 vya fedha Yuda alilipwa. Sasa wewe unahesabu: tano mara tano ni 25, thelathini imetoka wapi? Wanakwambia hesabu zile za wima tatu, ni doti 15, halafu hesabu za kulala tatu, ni 15 zingine, ile ya katikati unaihesabu mara mbili. Manze, hiyo hesabu hata mwalimu wangu wa darasa la nne angeniita mbele ya darasa nieleze.

Shida ni kwamba stori ya muujiza haionekani kwa maandishi ya wakati wa Afonso mwenyewe. Inaanza kuonekana kwenye miaka ya 1400, karibu miaka 300 baada ya vita. Na zamani doti hazikuwa hata tano tano. Idadi ilikuwa inabadilika kulingana na nani anachonga na nafasi iko kiasi gani. Mwaka 1846 mwanahistoria wao mmoja, Alexandre Herculano, akatoa kitabu cha historia ya Ureno akaandika Ourique bila ule muujiza. Mapadre walimvamia kwa maneno miaka na miaka. Kumbe hata kwao hii ngao ni moto.

Kuna wenye maelezo ya kawaida kabisa, ambayo hayana malaika wala Yuda. Ngao za vita za zamani zilikuwa za mbao na ngozi, zinapigwa misumari ili zishike. Ukipaka rangi, vichwa vya misumari vinabaki vinaonekana kama doti. Mtu anazoea, mchoraji anachora, baadaye mjukuu anauliza hizi doti ni nini, na hakuna mzee anayetaka kumjibu mjukuu kwamba ni misumari. Mimi kwa maoni yangu hii ndio inanikalia vizuri. Hata vile vingome vya dhahabu pembeni ya ngao, Mreno wa kawaida atakwambia ni ngome saba walizonyang'anya Waislamu kule Algarve. Wanaochambua nembo wanasema vilitoka kwa ukoo wa mfalme Afonso wa tatu, ambaye mama yake alikuwa wa nyumba ya kifalme ya Kastilia, na nembo ya Kastilia ilikuwa ngome. Yaani ni mambo ya ujombani tu.

Lakini shika hii: haijalishi doti zilianza kama misumari. Kufikia wakati meli za Vasco da Gama zinang'oa nanga Lisbon, tarehe 8 Julai 1497, stori ya Ourique ilikuwa imeshajulikana, na ngao ilikuwa imeoshwa upya. Mwaka 1485 Mfalme João wa pili alikuwa ameitengeneza, akasimamisha wima zile ngao mbili za kando ambazo zamani zilikuwa zinalala. Mfalme huyohuyo ndiye chini yake mabaharia walianza kubeba nguzo za mawe. Meli inatoka Lisbon na mawe yaliyochongwa tayari, juu msalaba, na ngao ya mfalme. Ukifika mahali hakuna Mzungu mwingine amefika, unasimamisha. Diogo Cão alianza 1482 kwenye mdomo wa mto Kongo. Aliyoiweka Namibia mwaka 1486 Wajerumani waliibeba 1893 wakaipeleka Berlin, na mwaka 2019 ndio wakatangaza watairudisha.

Kama umewahi kuona ploti mtaani imeandikwa kwa rangi nyekundu HAIUZWI, basi umeelewa kazi ya hizo nguzo. Tofauti ni kwamba aliyeandika si mwenye ploti.

Na kuna watu waliielewa mapema. Desemba 1497, Vasco akiwa Afrika Kusini, mahali siku hizi panaitwa Mossel Bay, alisimamisha msalaba na nguzo. Mmoja wa watu wake alikuwa anaandika shajara ya safari, na ndani yake anasema kwamba kabla hata meli hazijaondoka, waliona wenyeji kama kumi au kumi na wawili wanakuja kuvunja vyote viwili. Mbele ya macho yao. Hiyo ni rada safi.

Sasa Malindi. Hapa ndio stori yangu ya bichiboi ilizama.

Kwanza, Vasco alifika hapa katikati ya Aprili 1498, wakati wa Pasaka, akitoka Mombasa ambako mambo yalikuwa yameharibika. Njiani watu wake waliteka mashua iliyokuwa na watu 17, pamoja na mzee mmoja na mke wake kijana. Huyo mzee ndiye walimshusha kwenye fungu la mchanga mbele ya mji, akachukuliwa na mtumbwi, akapeleka salamu. Kwa hivyo salamu ya kwanza ya ule urafiki ilipelekwa na mateka.

Pili, mfalme wa Malindi alimwalika ashuke. Alikataa. Shajara inasema alidai bwana wake hakumruhusu kukanyaga nchi kavu. Wakakutana baharini, kila mtu kwa chombo chake. Kwa hivyo mimi niliyekuwa naonyesha watalii nyayo za Vasco, hata sijui nyayo za nani nilionyesha. Pengine za mbuzi.

Tatu, alikuwa anataka mtu wa kumwongoza hadi India, akaona anazungushwa. Alipokuja mjumbe wa karibu wa mfalme melini, Vasco akamzuia hapo hapo, akatuma ujumbe mjini: leteni rubani. Rubani akaletwa haraka. Na ukisikia mtu anakwambia huyo rubani alikuwa Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa bahari kutoka Oman, mwambie atulie. Wanahistoria wa siku hizi hawaikubali hiyo. Vitabu vya Kireno vya baadaye vinamwita Malemo Cana, Mwislamu wa Gujarati. Skiza hilo neno Malemo. Ni mwalimu. Mabaharia wa zamani wa pwani walimwita mwalimu yule anayejua nyota na njia za bahari. Mreno alisikia cheo akadhani ni jina, kama vile Mzungu anaweza kurudi kwao aseme alibebwa na Bwana Dere.

Na nne, mnara. Vibao na vitabu vya watalii vinapenda 1498. Ile shajara inaweka ombi la nguzo kwenye safari ya kurudi, Januari 1499. Walikuwa wametoka India hoi, karibu miezi mitatu baharini, fizi zimevimba kwa kukosa matunda, watu 30 wamekufa njiani. Wakaingia Malindi tarehe 7 Januari, wakapewa machungwa na kuku. Vasco akatuma mtu wake mjini aombe vitu viwili: pembe ya ndovu ya kumpelekea mfalme wa Ureno, na ruhusa ya kusimamisha nguzo iwe alama ya urafiki. Mfalme wa Malindi akakubali vyote. Tarehe 11 wakaondoka, na siku mbili baadaye, upande wa Tanga, wakachoma meli yao moja kwa sababu watu waliobaki hawakutosha kuiendesha.

Hebu fikiria hiyo picha kidogo. Anayeomba kuandika HAIUZWI ni mgonjwa, ana njaa, umemlisha wewe. Unaweza kumwogopa kweli? Mimi sioni vile mfalme wa Malindi alikuwa mjinga kukubali. Alikuwa na beef ya muda mrefu na Mombasa, mji mkubwa zaidi, na hapa kumetokea watu wana mizinga na pia wamekosana na Mombasa. Kwake nguzo ilikuwa ujumbe kwa jirani. Tena watu wa hapa nguzo walikuwa wanazijua zamani. Enda pale Msikiti wa Juma ufukweni uangalie kaburi lenye mnara mrefu kando yake. Enda Mambrui, kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za China. Enda Gede. Pwani hii, mtu akijengewa nguzo ni kwamba ni mkubwa, na amekufa. Wareno waliweka yao wakimaanisha ndio tunaanza. Nguzo mbili, mji mmoja, lugha tofauti kabisa.

Kuhusu watu wa mji waliuchukuliaje msalaba, inasimuliwa kwamba hawakuupenda. Nguzo ya kwanza ilikuwa karibu na nyumba ya mfalme, katikati ya mji wa Waislamu, na watu wakanung'unika hadi ikaondolewa. Msalaba ukawekwa. Baadaye Wareno wakapewa nafasi nje kidogo, kule kwenye rasi, wakaujengea ule mnara tunaoujua. Ndio maana msalaba wenyewe ni jiwe la Lisbon, lakini koni inayoubeba ni matumbawe na chokaa ya hapa hapa. Waingereza nao wakaja karne ya 19 wakaziba nyufa kwa saruji.

Mwaka 1542 akapita padre Francis Xavier, yule aliyekuja kuwa mtakatifu, akielekea Goa. Baharia mmoja alikuwa amefariki, wakamzika Malindi. Kanisa dogo la Kireno liko hadi leo, unaweza kutembea kutoka mnarani. Kwenye barua yake Xavier anataja ule msalaba mkubwa wa mawe, uliopakwa dhahabu, na anasema furaha waliyopata kuuona, kama nguvu ya msalaba imeshinda katikati ya nchi ya wasioamini. Soma tena hiyo. Miaka 43 tu tangu neno urafiki, na mgeni mwenye kalamu anauona kama ushindi.

Na urafiki wenyewe uliishaje? Kwa muda ulilipa. Mwaka 1505 Wareno waliichoma Mombasa, 1528 wakaichoma tena, Malindi ikiwa upande wao. Mwisho wa karne hiyo sultani wa Malindi akahamishiwa Mombasa kutawala, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus. Mji wa Malindi ukabaki nyuma ukadorora. Mwaka 1614 sultani wa ukoo huo huo wa Malindi, Hassan, aliuawa baada ya kukosana na kapteni wa Wareno. Mtoto wake Yusuf akapelekwa Goa, akabatizwa, akapewa jina Jerónimo, akarudishwa kama sultani wao. Tarehe 16 Agosti 1631 akaingia Fort Jesus, akamuua kapteni, akarudi kwa dini yake, na Wareno wa Mombasa wakauawa. Wareno walirudi, na juu ya lango la ile ngome wakachonga maandishi wakijisifu vile kapteni wao kijana aliadhibu pwani. Maandishi bado yako, pita uyaone. Hiyo ndio barua ya mwisho ya mapenzi kati ya hao wawili.

Nilimpelekea hii stori mzee mmoja Mswahili jirani yetu, mtu wa kwenda msikitini swala zote tano, nikitegemea atawaka. Nilimwambia, "Shikamoo mzee, unajua ile ngao kule mnarani ni ya kusherehekea Waislamu waliopigwa?" Akaniambia marahaba, akamaliza kwanza kahawa yake. Kisha akasema, "Mwanangu, sisi tukiwa watoto tulikuwa tunaruka baharini kutoka pale. Wavuvi wakirudi wanauangalia kujua wamefika wapi. Hiyo ngao hakuna aliyekuwa akiitazama." Nikamuuliza kama ungebomolewa angefurahi. Akanitazama kama nimeuliza swali la mtihani. "Ubomolewe halafu watoto wenu wataamini vipi kwamba walikuja?"

Hapo kwetu nyumbani jibu lilikuwa tofauti. Hawe wangu ni Mgiriama, na kwake alama ya maana ni kigango. Kama wewe si wa huku, kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, inasimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha gohu aliyefariki. Ikishasimama haiondolewi. Inabaki pale hadi ichakae yenyewe, na ukiing'oa unaita balaa kwa familia. Hawe aliuliza kitu kimoja tu: "Huo wa Mreno uko na mlinzi?" Nikasema ndio, uko chini ya Makumbusho ya Taifa, uko na geti, uko na tiketi. Akanyamaza. Nilijua anafikiria nini. Vigango vya Wamijikenda vimeibwa miaka mingi vikauzwa kwa watalii, vikaishia kwa majumba ya makumbusho Marekani. Viwili vilivyoibwa 1985 Kilifi vilirudi mwaka 2007, na ilichukua watafiti kuvifuatilia mmoja mmoja. Kwa hivyo mbao zetu zilipanda ndege, na jiwe la Lisbon limekaa kwetu salama na askari. Sina jibu la hiyo. Bado inanikera.

Najua kuna msee ananisoma anasema bomoa hiyo kitu, tuko na Mekatilili. Naelewa. Sanamu ya Mekatilili wa Menza iko Malindi, na yule mama aliyewachachisha Waingereza 1913 anastahili watalii wengi kuliko Vasco. Lakini kabla hatujashika nyundo, toa shilingi mfukoni. Upande mmoja kuna twiga. Na kumbuka Malindi ndiyo iliyopeleka twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415, huko nako wakabishana kama ni mnyama wa baraka kutoka mbinguni. Upande mwingine kuna ngao yetu. Jogoo ameshika shoka. Uliza watu watatu huyo jogoo ni wa nini. Mmoja atasema alfajiri mpya ya uhuru. Mwingine atasema huyo ni jogoo wa KANU aliingia kwa nembo ya taifa akakataa kutoka. Wa tatu hajawahi kumuona. Na sisi tuko na miaka 60 na kitu tu, wazee walioanzisha wengine bado tunawakumbuka. Sasa hao wa Ourique?

Mimi ningeomba kitu kidogo. Kibao. Kibao pale mnarani kinachosema ngao hii ni nini, nani aliomba iwekwe, nani alikubali, nani alinung'unika, na ukoo wa mfalme aliyekubali uliishia wapi. Kwa Kiswahili kwanza, halafu Kigiriama, Kiitaliano kikija cha mwisho sio mbaya. Vijana wanaotembeza watalii wapewe hiyo stori, sio kuachwa kubuni kama mimi. Ukweli unauza kuliko ile chumvi yangu, nimejaribu. Baada ya yule mama wa Kireno nilibadilisha stori nikawa nawaambia watalii kuhusu mateka na machungwa na Jerónimo, na walikuwa wanakaa dakika arobaini badala ya kumi.

Na ifanywe haraka kidogo, kwa sababu bahari haisubiri kamati. Ule mwamba wa matumbawe unaliwa na mawimbi kutoka chini. Simama kando upande wa ufuo maji yakiwa yametoka, utaona vile pamechimbika chini ya mahali watu wanapigia selfi. Jiwe la juu nalo linapigwa na chumvi kila siku, na ngao imeanza kufutika makali.

Ukienda, enda maji yakiwa mbali, asubuhi, kabla jua halijakuchoma macho. Simu yako ikiwa na kamera ya kuvuta karibu, vuta hadi kwa ile ngao na uhesabu doti zilizobaki. Mimi nikihesabu napata idadi tofauti kila mara. Ukifika 25, nitumie picha.